Wagonjwa Wawili Wenye Jina Moja

Ndia Kuu,
Mji wa Kale, Mombasa.

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi mengi, nikitumaini barua hii itakukuta umeketi jikoni karibu na moto, maana najua baridi ya Wundanyi mwezi huu haina huruma. Goti lako linaendeleaje? Baba bado anakataa kuvaa lile sweta nililomletea Pasaka? Na ng'ombe mwekundu, alizaa salama? Mimi sijambo kabisa. Nala vizuri, nalala vizuri, na joto la huku nimelizoea kiasi kwamba nikija nyumbani mtanicheka kwa kutetemeka.

Najua umesikia kwamba nimefukuzwa kazi. Binamu Mwakio alipita hapa akanikuta nyumbani siku ya kazi, na kwa ninavyomjua, kabla gari lake halijafika Voi habari zilikuwa zimeshawafikia. Uliponipigia simu nilikwambia tu usiwe na wasiwasi, halafu mtandao ukakatika, na nafikiri ndiyo ukazidi kuwa na wasiwasi. Nisamehe. Niliona haya ni mambo ya kuandika. Nikikueleza kwa simu utaanza kulia katikati, na mimi nitalia, na hutajua mwisho wake, wakati mwisho wake ni mzuri. Basi isome polepole mpaka ukurasa wa mwisho kabla hujaenda kumwambia mtu.

Unajua kampuni yetu ni ndogo, tupo Ganjoni, ghorofani juu ya duka la vipuri. Tunatengeneza programu za kompyuta. Wenzangu ndio wanaoziandika. Mimi kazi yangu ni kuzipima. Ni kama mtu anayepanda kwenye dari la nyumba mpya kutafuta mahali panapovuja kabla wenyewe hawajahamia. Nikiridhika, natia sahihi kwamba programu inafaa, na bila sahihi hiyo mteja hakabidhiwi.

Mwaka huu tulipewa kazi na kliniki moja ya hapa kisiwani, ya akina mama. Walikuwa na makabati yaliyojaa kadi za wagonjwa za miaka na miaka, wakataka habari zote ziingie kwenye kompyuta, ili muuguzi akiandika jina aone mara moja mtu huyu ana maradhi gani, anatumia dawa gani, na dawa ipi inamdhuru. Tatizo lilikuwa kwamba mtu mmoja alikuwa na kadi tatu au nne, kwa sababu kila akipoteza anapewa nyingine. Bosi wetu, Bwana Nasoro, akaamuru programu iongezewe uwezo mpya: ikikuta kadi zenye majina matatu yaliyo sawa na mtaa mmoja, ihesabu kwamba ni za mtu yule yule, izichanganye ziwe kadi moja, na kwa kila habari zinapopingana ifuate iliyoandikwa karibuni. Iliongezwa haraka haraka, kliniki wakiwa wameshaanza kuitumia kwa majaribio, na mimi sijaifikia kuipima.

Sasa nikujulishe kwa Mama Lutfia, mwenye nyumba ninayopanga. Mimi nakaa chumba cha juu, yeye chini. Ni mjane, binti yake Lutfia ameolewa Lamu, na tangu siku ya kwanza amenichukua kama mwanawe, ingawa yeye ni Mwislamu na mimi kila Jumapili anasikia viatu vyangu vikishuka ngazi kwenda kanisani. Mara nyingi tunakula pamoja. Jioni moja, baada ya yeye kuswali magharibi, tulikuwa tumekaa na mkate wa mofa na mchuzi wa samaki, akaanza kucheka peke yake.

"Yeo ile kliniki ilitaka kuniua," akasema.

Nikamuuliza kulikoni. Alikuwa na jipu mguuni, akaenda kutibiwa. Muuguzi kijana akatazama kompyuta, akasema hakuna dawa inayomdhuru, akaanza kutayarisha sindano.

"Namuuliza, mwanangu, hiyo si penisilini? Ati ndiyo. Nikamwambia iweke kando, hiyo nilidungwa nikiwa msichana, uso ukafura hata mamangu mzazi hakunijua, nikalazwa. Ati kompyuta haijasema. Nikamuuliza, na hiyo kompyuta yako yasema nini? Akasoma, akanitazama tumbo, akasoma tena." Hapo alicheka mpaka akashika ubavu. "Mwanangu Wakesho, yasema nina mimba ya miezi saba!"

Mimi sikuweza kucheka, Mama. Nikalirudisha tonge sahanini. Mama Lutfia kwenye kitambulisho anaitwa Fatma Ali Omar. Hakuna anayemwita hivyo hapa. Mji wa Kale watu wanajuana kwa majina ya nyumbani, au kwa majina ya watoto wao. Lakini kwenye karatasi, akina Fatma Ali Omar wa mtaa huu wanaweza kujaza ukumbi. Nikaona wazi kwamba kadi yake imechanganywa na ya mwanamke mwingine, mjamzito, na kwamba huyo mwingine naye, popote alipo, ana kadi ambayo si yake.

Asubuhi nilifika ofisini wa kwanza. Nikatunga wanawake watatu wa uongo, jina moja, mtaa mmoja, kila mmoja na maradhi yake, nikawaingiza kwenye nakala ya majaribio. Programu ikawameza wote ikatoa mmoja. Nikarudia kwa majina mengine, ikawa vile vile. Bwana Nasoro alipoingia nikamwita aone.

Nataka umwelewe mtu huyu, maana si mtu mbaya. Aliianza kampuni ile na kompyuta moja, na ndiye aliyenipa kazi wakati wengine walisema msichana atokaye milimani hawezi. Lakini wiki ile uzinduzi ulikuwa unakaribia, wageni wameshaalikwa, mahema yameshaagizwa, na kulikuwa na kliniki nyingine zilizosema zitakuja kutazama. Alisimama nyuma yangu akatazama kioo cha kompyuta.

"Tutalirekebisha baada ya uzinduzi," akasema. "Wewe tia sahihi twende mbele."

"Na kabla ya uzinduzi, bosi? Wanaitumia sasa hivi."

"Wauguzi wana midomo. Watauliza."

"Jana hawakuuliza. Mwenye nyumba wangu ndiye aliyeuliza. Angekuwa amezimia, nani angeuliza?"

"Wakesho, hakuna programu isiyo na kasoro. Ungoje ukamilifu, hutakabidhi kitu maisha yako yote."

Hilo ni kweli, Mama, na nilimwambia ni kweli. Kuna kasoro nyingi nimezipitisha: herufi iliyokaa vibaya, ukurasa unaochelewa kufunguka. Lakini hii ni kasoro ya kumpa mtu dawa ya mwenzake. Nikasema sitaweza kutia sahihi.

Akamgeukia Otieno. Huyu ni mwenzangu aliyeandika sehemu kubwa ya programu ile, kijana wa Siaya, mkimya, mkewe amejifungua juzi juzi. "Otieno, unaijua kazi hii kuliko yeye. Tia sahihi wewe."

Otieno alivuta kiti, akaniambia, "Nionyeshe." Nikamwonyesha. Akaandika mwenyewe majina mengine, akabonyeza, akatazama. Akarudia. Halafu akavua miwani akaifuta kwa shati, jambo analolifanya akiwa na hofu, akasema kwa sauti ya chini, "Bosi, na mimi siwezi. Naweza kuiondoa amri hii na kuandika nyingine, lakini nipe muda."

"Muda sina," akasema Bwana Nasoro. "Nitatia sahihi mwenyewe."

Basi hapo nilikaa kitini. Ningeweza kunyamaza. Jina langu lisingekuwa kwenye ile karatasi, na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini nilikuwa namfikiria yule Fatma mwingine. Sikumjua uso, sikujua anakaa wapi, ila nilijua ana mimba ya miezi saba. Sikutaka pia kuzunguka nyuma ya mgongo wa mtu aliyenipa kazi. Nikaenda mpaka mlangoni kwake.

"Bwana Nasoro, nakwenda kliniki kumwambia msimamizi wa wauguzi. Nimekuja kukwambia wewe kwanza, usije ukasikia kwa watu."

Hakunipigia kelele. Ingekuwa afadhali angepiga kelele. Alisema tu, "Ukishuka ngazi hizo kwenda kule, usipande tena."

Nikachukua mkoba wangu. Kwenye tuktuk dereva alinitazama kiooni akaniuliza kama nimefiwa.

Msimamizi wa kliniki anaitwa Sista Kadzo, mama wa Kigiriama wa makamo, mwenye sauti ndogo na macho yasiyokwepa. Nilimwambia kila kitu, na nikamwomba anisikilize mpaka mwisho. Nilipofika kwa Mama Lutfia akaniinulia mkono.

"Usiniambie ugonjwa wa mtu," akasema. "Hata kama mnakaa nyumba moja. Niambie jina na mahali mashine ilipochanganya. Mengine nitatafuta mwenyewe."

Nikaona aibu kidogo, lakini nikampenda papo hapo. Aliufunga mlango, akafungua kompyuta upande wake nisioweza kuona, akaagiza aletewe kadi za zamani za karatasi kutoka kabatini. Akasoma kwa muda, kisha uso ukambadilika.

"Majibu ya vipimo vyake yalitoka," akasema, kama anayejisemea. "Yalitoka, na ujumbe ukatumwa arudi haraka. Mbona hajarudi?" Akachukua simu akapiga namba iliyokuwa kwenye kompyuta. Nilisikia simu ikiita, ikapokelewa, na sauti niliyoifahamu vizuri ikatoka humo ndani kwa nguvu: "Haloo! N'nani mwenzangu?"

"Naongea na Fatma Ali Omar?"

"Ndiye mimi."

"Mama, mbona hujarudi kliniki? Tumekutumia ujumbe mara mbili kuhusu mimba yako."

"Hata wewe!" Mama Lutfia akalia. "Nimewaambia, mimi na mimba tumeagana zamani!"

Sista Kadzo akaweka mkono kwenye paji la uso. Kadi zilipochanganywa, namba ya simu ya yule mjamzito ilifutika ikabaki ya Mama Lutfia, kwa kuwa yake ndiyo iliyoandikwa karibuni zaidi. Ujumbe wa kumwita ulikwenda kwa mama asiyesoma ujumbe wa simu, na kliniki wakaamini mwenyewe ameitwa. Sista akaikata simu kwa adabu, akatafuta kwenye kadi ya karatasi, lakini namba ya zamani haikupatikana hewani. Mahali pa makazi paliandikwa "Mji wa Kale" basi.

Nikasema, "Sista, kuna mtu anayewajua watu wote wa mtaa huu. Hatutamwambia lolote la ugonjwa. Tumwulize tu wajina wake wako wapi."

Alifikiri, akakubali, akavaa koti lake akafuatana nami mwenyewe. Mama Lutfia alitukuta tumesimama mlangoni kwake, na swali lilipomfikia hakusita.

"Wajina wangu mwenye mimba? Ni Tima, mke wa yule muuza leso wa Biashara Street. Ndooni." Akajitupia buibui yake, na jipu lake mguuni, akatutangulia akichechemea kwa kasi iliyotufanya mimi na Sista tutembee nusu tukikimbia.

Mume wa Tima alikuwa dukani akikunja leso. Kumwona Sista na sare yake, leso zikamtoka mkononi. Alisema mkewe yuko juu, amelala tangu asubuhi, kichwa kinamuuma na macho yanaona nyota nyota, miguu imevimba hata viatu haviingii. Walidhani ni uchovu wa mimba tu. Sista Kadzo alipanda ngazi peke yake. Sisi tulibaki chini kati ya zile leso, Mama Lutfia akimshika yule kijana mkono.

Sista aliposhuka alisema neno moja, "Gari." Presha ilikuwa imepanda vibaya, ile presha ya mimba ambayo ikiachwa inaweza kuondoka na mama na mtoto. Alimpeleka hospitali mwenyewe, akikaa naye nyuma ya tuktuk, kichwa cha Tima kwenye bega lake.

Haya ninakuandikia kwa ruhusa ya Tima. Nilimwomba, akacheka akasema, "Mwandikie mamako, aniombee na mimi." Basi muombee, Mama.

Wakamlaza, wakaishusha presha, wakamchunga wiki baada ya wiki. Siku hizo mimi nilikuwa nyumbani. Ndizo siku alizonikuta Mwakio. Sitakudanganya, zilikuwa siku ngumu. Asubuhi nilivaa nguo za kazi kwa mazoea, kisha nikazivua. Rafiki mmoja wa ofisini aliacha kunijibu. Mwingine aliniandikia kwamba nimewaharibia wote, kwamba uzinduzi umevunjwa na kliniki zile nyingine zimerudi nyuma. Nilijiuliza kama kulikuwa na njia nyingine ambayo ingewaumiza watu wachache. Bado najiuliza. Nilichokuwa nacho ni kwamba kila nikipita Biashara Street yule muuza leso anainuka na kuweka mkono kifuani.

Sista Kadzo, bila kunieleza, alikuwa amefanya mambo yake. Siku ile ile aliamuru uchanganyaji usimame na kila mgonjwa aulizwe upya kwa mdomo: jina la mama yake mzazi, kitambulisho, dawa zinazomdhuru. Walipozipitia kadi walikuta wengine waliochanganywa, namshukuru Mungu hakuna aliyedhurika. Kisha akamwita Bwana Nasoro, akamwambia kliniki haitaki kuivunja kazi, inaitaka ifanywe vizuri. Na akamuuliza yule msichana aliyekuja kumwambia yuko wapi.

Bwana Nasoro alikuja hapa Ndia Kuu Alhamisi iliyopita, baada ya alasiri. Mama Lutfia alimkaribisha barazani, akamwekea kahawa na halua, halafu akaketi pale pale katikati yetu kama mshenga, hakuondoka. Bwana Nasoro alizungusha kikombe chake kitambo.

"Nilikwenda hospitali," akasema. "Nilimwona yule binti. Mume wake akaniuliza mimi ni nani, nikakosa la kumwambia." Akaweka kikombe chini. "Siku ile nilidhani unanikataa mimi, Wakesho."

"Sikukukataa wewe, Bwana Nasoro. Nilikataa kuandika jina langu chini ya kitu ambacho si kweli."

"Rudi kazini."

Hapo, Mama, ungejivunia mwanao, maana sikurukia. Nilimwambia nitarudi ikiwa mpimaji akisema simama, kazi inasimama, awe mimi au mwingine atakayekuja baada yangu, na mtu asiadhibiwe kwa kumweleza mteja hatari iliyo kwenye kitu anachokitumia. La kwanza alilikubali hapo hapo. La pili alilibishania, akasema angalau yeye aambiwe kwanza. Nikamkumbusha kwamba aliambiwa kwanza. Mama Lutfia akakohoa ndani ya kikombe chake. Akakubali.

Kumbe Otieno hakuwa amelala. Siku zote hizo alikuwa anaandika upya ile sehemu. Sasa programu ikikuta majina yanayofanana haichanganyi kitu. Inasimama, inawaonyesha wauguzi kadi zote mbili kando kando, na kuwaacha wao waamue kwa kumuuliza mgonjwa mwenyewe. Inachelewesha kazi kidogo. Sista Kadzo anasema ucheleweshaji huo anaupenda. Mimi ndiye nitakayeipima, na nimewaomba wauguzi wawili waje tukae pamoja, maana sisi kule ghorofani tunatazama majina tu, wao wanawatazama watu.

Na habari tamu nimekuwekea mwisho: Tima amejifungua salama, mtoto wa kike, mdogo lakini mwenye sauti inayosikika mpaka barabarani. Mama na mtoto wako nyumbani. Hawakumpa jina langu, kwa hiyo usiende kutangaza kanisani. Wala hawakumwita Fatma. Tima aliapa kwamba mwanawe atapewa jina lisilo na mwenzake Mji wa Kale nzima, na mpaka leo familia inabishana, kila jina likitajwa Mama Lutfia anamjua mwenye nalo.

Nisalimie Baba, mwambie avae sweta. Nisalimie Nyanya, na umweleze haya taratibu kwa lugha yetu, maana kompyuta atazikataa lakini mimba na presha atavielewa. Msalimie Shangazi Mghoi mwalimu, dada yangu mdogo anayejiandaa na mtihani, na jirani yetu fundi cherehani aliyenishonea zile nguo za kazi, mwambie bado hazijachakaa. Binamu Mwakio naye msalimie, na umwambie habari hii aisambaze kwa mbio zile zile. Mama Lutfia anakusalimu sana, ananiambia niandike kwamba una mwana mkaidi na anakushukuru kwa kumzaa.

Mungu akuweke, Mama. Nguo zangu za kesho nimeshazipiga pasi, zimetundikwa mlangoni.

Ni mimi mwanao akupendaye, anayerudi kazini asubuhi,

Wakesho